Neno "bepari" ndo lilinipeleka kusoma fasihi linganishi

Nilikuwa mwaka wa pili wa masta ya Kiswahili, nimekaa na Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969, na pembeni nina Shakespeare mwenyewe kwa Kiingereza, The Merchant of Venice, kwa sababu kuna sehemu zilikuwa zinanipiga chenga, alafu nikafunga kitabu nipumzike macho yakatua kwenye jalada nikakwama hapohapo. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Kwa Mwalimu ni wengi. Na sio wafanyabiashara, sio matajiri, sio wachuuzi, ni mabepari.

Sasa angalia na mwaka wenyewe. Azimio la Arusha ni Februari 1967, na humo ubepari na ukabaila ndo vitu ambavyo nchi ya kijamaa inatakiwa isiwe navyo, alafu miaka miwili tu baadaye rais yuleyule anatoa tamthilia ya Shakespeare yenye neno hilohilo kwenye jina. Nikaandika kwenye asaimenti kwamba Mwalimu kageuza tamthilia kuwa siasa, nikaona nimemaliza. Mwalimu wangu akairudisha na swali moja pembeni: hili neno lilikuwa na maana gani kabla ya 1967?

Ikabidi niende kwenye kamusi za zamani, zile za wakati wa mkoloni, na huko bepari ni mfanyabiashara basi, mtu anayenunua na kuuza, hana dhambi yoyote, na asili ya neno ni Bara Hindi, limekuja na watu wa biashara wa ng'ambo ya bahari kama yalivyokuja maneno mengine kibao tunayotumia kila siku. Yaani Mwalimu alitafsiri sawasawa kabisa. Ila wakati anatafsiri hilo neno lilikuwa lishaanza kubeba maana nyingine, ya mnyonyaji, kwa hiyo mzee wa duka wa pwani na kijana wa TANU Youth League wangeweza kushika kitabu kimoja siku moja na kila mmoja akasoma jalada lake. Na ule wingi nao sio bure. Kuna pale mahakamani Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anaingia anauliza yupi hapa mfanyabiashara na yupi Myahudi, kana kwamba kwa kuwatazama tu huwezi kuwatofautisha, na mimi nikaona kama vile tafsiri imelijibu hilo swali toka kwenye jalada: Antonio anayefanya biashara ya meli na Shylock, yule Myahudi anayekopesha kwa riba, wote wamo kwenye "ma-" moja. Hii ni hoja yangu, mtu anaweza kuipinga na nimeshapingwa sana. Ila hesabu vilivyokutana hapo: kisa chenyewe kimetoka kwenye hadithi ya Kiitaliano ya Giovanni Fiorentino, kikafanywa tamthilia London, kikapewa neno la Bara Hindi, kikasomwa ndani ya siasa ya Tanzania. Jalada lina maneno matatu tu.

Hapo ndo nilijua nataka kusoma nini, na ndo maana wadogo zangu wakiniuliza fasihi linganishi ni kitu gani huwa siwapi fasili ya kitabuni, nawapa hili jalada.

Wengi wanadhani ni kuchukua riwaya mbili, moja ya huku moja ya kule, ukatafuta zinafanana wapi na zinatofautiana wapi, ukachora jedwali, ukamaliza. Hapana jamani. Kufanana peke yake hakukwambii kitu, mvua ya Tanga na mvua ya London zinafanana, zote zinalowesha. Unachotafuta ni njia: hii kazi imepita wapi mpaka ikafika hapa, nani kaibeba, imebadilika nini njiani, na ule mlango wa lugha ilipoingilia umeikata nini na umeiongeza nini. Ndo maana tafsiri ni moyo wa kazi yetu.

Na hapa nataka niseme kitu ambacho kinanichoma. Vitabu vya nadharia utakavyopewa semista ya kwanza vinaanza na Goethe, 1827, alivyosema zama za fasihi ya dunia zimewadia, na ukisoma unaweza kuamini kwamba watu walianza kusoma ng'ambo ya lugha zao siku hiyo. Wakati huo washairi wa Lamu na Pate walikuwa kwenye hiyo kazi zamani. Hamziya ni kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, mtu wa Misri wa karne ya 13, ikatiwa Kiswahili cha kale na Aidarusi, na kwenye miswada utakuta mstari wa Kiarabu na chini yake mstari wa Kiswahili, vinakwenda pamoja ukurasa hadi ukurasa. Utendi wa Tambuka, 1728, Bwana Mwengo anasimulia vita na Herakli mfalme wa Rumi kwa kutoka kwenye visa vya Kiarabu, lakini kwa bahari ya utenzi, yaani umbo lake la kishairi, mizani nane, kina cha mwisho kinatembea utenzi mzima. Mtu aliyekulia kwenye lugha yenye mambo haya hawezi kuingia kwenye darasa la fasihi linganishi kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mimi niliingia hivyo mwaka mzima, kwa sababu kwenye chuo kimoja nilichoomba mwanzo niliandikiwa kwamba Kiswahili wanakitambua kama lugha ya utafiti wa jamii lakini kwa upande wa fasihi nionyeshe lugha "zenye mapokeo". Barua fupi tu. Ninayo bado.

Niende kwenye masomo yenyewe. PhD ya Marekani kwenye fani hii mara nyingi ni miaka mitano au sita, miwili hivi ya mwanzo ni madarasa, alafu mtihani mkubwa wa orodha za vitabu ambazo unazitunga mwenyewe pamoja na wasimamizi, alafu tasnifu. Masta ya Uingereza ni mwaka mmoja, inakimbia sana, ukishtuka Mei imefika. Na karibu kila mahali kuna sharti la lugha, usome fasihi kwa lugha mbili au tatu bila kutegemea tafsiri, na hili ndo sharti linalowatoa jasho wenzetu wa kule wakati mtoto aliyekulia Ukerewe au Malindi ana lugha ya nyumbani, ana Kiswahili, ana Kiingereza, pengine alisoma madrasa na Kiarabu anakisoma japo polepole. Andika hizo zote kwenye maombi. Nimesoma barua za maombi za vijana wetu wengi, mtu ana lugha nne kaandika "Kiingereza, vizuri sana" kaishia hapo.

Sasa uandishi wa ubunifu, kwa sababu nusu ya wanaoniuliza wanachotaka hasa ni kuandika riwaya na wanaona utafiti kama ushuru wa kulipa kabla ya kupita.

Mfano wangu siku zote ni Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania. Rosa Mistika imetoka 1971, Kichomi 1974, ile diwani iliyowasha moto wa mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, mpaka watu wakarushiana maneno miaka na miaka, alafu mtu huyuhuyu katikati ya vita hivyo anakaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaandika tasnifu ya masta juu ya Shaaban Robert, yaani juu ya bingwa wa vina na mizani, anamaliza 1976. Anakwenda Wisconsin, Marekani, anamaliza PhD 1985, tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Na baada ya hapo ndo zinakuja Nagona na Mzingile, riwaya ambazo ukizifungua bila kujua chochote unaweza kudhani kurasa zimechanganyikana. Mimi nilizielewa siku niliyosoma ile tasnifu. Alichokuwa anauliza kwa hoja Wisconsin, kwamba tutafikirije bila kuazima miwani ya watu, ndicho alichokwenda kukifanya kwa hadithi. Mtu mmoja, swali moja, mara ya kwanza kwa Kiingereza cha chuo na mara ya pili kwa Kiswahili cha ndoto.

Na sio yeye tu. Taban lo Liyong, anayetajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kupata digrii ya uandishi pale Iowa, Marekani, kwenye warsha ya waandishi ambayo ipo toka 1936, alimaliza 1968, na mwaka huohuo yuko Nairobi na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba wanaandika ule waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha hapo ifutwe na fasihi ya Afrika ikae katikati, nyingine zizunguke. Waandishi hao, wametoka kutunga, wanakaa kupanga nani asome nini.

Kuhusu warsha nisiwadanganye, zina faida na zina madhara. Utaratibu wake ni kwamba unagawa hadithi yako mapema, kila mtu anaisoma na kuiandikia maoni, siku ikifika wanaijadili wewe umekaa kimya husemi neno. Faida ni kubwa, unasikia hadithi yako ikiwa mikononi mwa watu ambao hawakudai wala hawakupendi. Madhara nitayaeleza kwa hadithi yangu mwenyewe. Ilikuwa na kijana katumwa kutoka mjini ampelekee mama yake mkubwa taarifa ya msiba. Anafika. Shikamoo mama. Marahaba, hujambo? Sijambo. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Na safari? Salama. Na mdogo wangu? Nzuri mama, ila... Mistari kumi na moja mpaka ifike hiyo "ila". Darasa zima likakubaliana nikate, kwamba hakuna kinachotokea, hadithi inaanzia ukurasa wa pili, na mmoja akasema kijana ni mwongo kwa nini anasema "nzuri" wakati mtu kafa.

Nikakata. Nilikata kweli, na hadithi ikawa fupi na safi na haikuwa na uhai wowote.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba tatizo halikuwa darasa kuwa na roho mbaya, tatizo nilikuwa nimewapa tafsiri. "Nzuri" ya kwetu sio taarifa, ni adabu, msiba hausemwi mtu akiwa wima mlangoni, na kila msomaji wa Kiswahili akifika kwenye salamu ya tatu tayari moyo umeanza kumdunda kwa sababu anajua kijana anajivuta. Hadithi yote ilikuwa humo kwenye salamu. Kwa hiyo nikaacha kuuliza nikate au nisikate, nikaanza kuuliza ni vipi lugha nyingine zinachelewesha habari mbaya, nikaenda kwa wajumbe wa tamthilia za Kigiriki wanaoingia jukwaani na habari ya kifo, nikarudi kwenye riwaya zetu, na hiyo ikaja kuwa sura nzima ya tasnifu yangu. Salamu zote kumi na moja nikazirudisha.

Ukitaka kuona jinsi jambo dogo kama hilo linavyokuwa zito, chukua Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, uisome sambamba na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Kwa Kiingereza mtoto Yusuf anamwita yule tajiri Aziz "Uncle", neno ambalo linaweza kuwa ndugu wa upande wa baba au wa mama, halichagui, na Khalil, kijana mwenzake wa dukani, anamrudiarudia kwamba huyu sio ndugu yako, wewe umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Mfasiri hana ruhusa ya kutochagua. Ami? Mjomba? Baba mdogo? Kila moja linamweka mtoto kwenye nyumba tofauti. Fungua uone alichagua nini alafu ujiulize ungekuwa wewe. Ukiweza kuandika kurasa kumi na tano juu ya hilo neno moja tayari una sampuli ya uandishi ya kuweka kwenye maombi.

Maana sampuli ndo inasomwa kuliko vyote, programu nyingi zinataka kati ya kurasa 15 na 25, na kama unaomba upande wa ubunifu peleka hadithi uliyoandika kwa Kiswahili ukaitafsiri mwenyewe, useme wazi kwamba ni tafsiri yako. Chagua mwalimu kabla ya kuchagua chuo, soma alichoandika, muandikie aya mbili tu zenye swali la kweli. Uandishi wa ubunifu wa kujilipia mwenyewe kwa mkopo siushauri kwa mtu yeyote, tafuta programu inayokusomesha kwa kufundisha, na Kiswahili kinafundishwa vyuo vingi vya Marekani kwa hiyo nafasi ya kufundisha ipo. Ile Fulbright ya walimu wa lugha, FLTA, haitoi digrii, ni mwaka mmoja wa masomo unafundisha Kiswahili, lakini unachukua na madarasa na unawaona hao walimu ana kwa ana, mimi naipenda sana kama hatua ya kwanza. Ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, vyuo vingi vinakubali ukiandika mapema.

Madirisha mengi ya PhD yanafungwa Desemba na mwanzoni mwa Januari. Barua za mapendekezo zinatakiwa tatu kwa kawaida, kwa hiyo nenda kwa walimu wako Septemba, sio Novemba, na usiende mikono mitupu, mpelekee ile sampuli aisome kwanza, kwa sababu mwalimu aliyesoma kurasa zako ataandika juu ya kurasa zako, na asiyesoma ataandika kwamba wewe ni kijana mwenye nidhamu.