Spishi mpya: maana yake hasa ni nini

Asubuhi pale Keko, mtaa wa mafundi seremala Dar es Salaam, kabla mashine za randa hazijaanza kupiga kelele, uinamie ubao wa mninga na uutazame kwa makini. Kwenye baadhi ya mbao utakuta tundu lenye umbo la yai, safi kana kwamba limetobolewa kwa keekee, na chini yake unga mwembamba wa mti. Mafundi husema ubao umebunguliwa. Wanauweka kando, au wanaziba tundu kwa gundi na unga wa randa. Aliyetoboa mara nyingi keshaondoka. Lakini siku nyingine hutoka mbele ya macho yako: mdudu mwembamba mwenye mgongo mgumu na vipapasio viwili virefu kuliko mwili wake wote, amevilaza kwa nyuma kama mtu aliyebeba fito begani.

Huyo ni mbawakawa wa pembe ndefu. Buu lake huishi ndani ya mti likila mbao mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi, ndiyo maana anaweza kutokea kwenye kabati ambalo limeshapigwa vanishi na kuuzwa. Ukimshika kwa vidole, wengi wa jamii yake hulia, sauti ndogo ya kukwaruza inayotoka pale kifua kinapojisugua chenyewe.

Tuseme sasa kwamba huyu wa Keko hajawahi kuandikwa popote duniani. Magazeti yatasema amegunduliwa mdudu mpya. Neno hilo "mpya" ndilo ninalotaka tulitulie, kwa sababu linawapoteza wengi. Mdudu mwenyewe si mpya. Ukoo wake umekuwa ukitoboa miti tangu kabla ya binadamu kushika shoka. Wala si lazima awe mgeni kwa watu wa eneo lake. Kipunji, yule nyani mwenye kishungi wa Mlima Rungwe, alikuwa na jina lake midomoni mwa wenyeji wakati wanasayansi walipomtangaza kuwa spishi mpya, yaani aina mpya ya mnyama, mwaka 2005. Mpya maana yake ni hii tu: hapakuwa na jina na maelezo yake yaliyochapishwa kwa kufuata kanuni ambazo wataalamu wa wanyama wote duniani wamekubaliana.

Kwa hiyo kugundua na kueleza ni kazi mbili. Kugundua kunaweza kuchukua dakika moja, pale fundi anapomfunika mdudu kwa kopo. Kueleza huchukua miezi, mara nyingi miaka. Chura wa Kihansi alionekana mwaka 1996 penye manyunyu ya maporomoko, na jina lake rasmi likatoka mwaka 1999. Kwa wadudu hali ni nzito zaidi: wako waliokaa kwenye droo za makumbusho kwa miongo mingi, wamechomwa pini, wakisubiri mtu mwenye muda na macho.

Macho hayo yanatazama nini? Weka mbawakawa wetu chini ya hadubini. Jicho lake si duara. Limekatwa upande mmoja kama figo, na kipapasio kimeota penye ule mkato. Hesabu pingili za wayo wake: haraka haraka utapata nne, lakini ziko tano, ila ya nne ni ndogo mno na imejificha kwenye mapengo ya ya tatu. Mpaka hapo umejua familia tu, yaani kwamba ni wa ukoo mpana wa pembe ndefu. Kujua kama ni spishi tofauti unashuka chini zaidi: pingili ipi ya kipapasio ni ndefu kuliko nyingine, kifua kina mwiba ubavuni au hakina, manyoya ya mgongoni yamelala upande gani na yana madoa gani. Mara nyingi neno la mwisho hutolewa na viungo vya uzazi vya dume, vinavyotolewa kwa sindano na kuchorwa, kwa sababu spishi mbili zinazofanana kabisa kwa nje huachana hapo.

Halafu unalinganisha, na hapa ndipo kazi ilipo. Mbawakawa wa pembe ndefu waliokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 35,000. Huwalinganishi wote, lakini walio jirani na wako lazima uwapitie mmoja mmoja. Mtaalamu mmoja tu, Stephan von Breuning wa Austria, aliandika majina zaidi ya 7,000 ya kundi hili katika karne ya 20, na maelezo yake mengi ni mafupi mno, mistari michache ya rangi na vipimo. Ukisoma mistari hiyo na kumtazama mdudu wako, huwezi kuapa kama ni yeye au siye. Unalazimika kurudi kwa mdudu aliyekuwa mkononi mwa mwandishi siku ile.

Mdudu huyo ana jina lake la kazi: holotaipu. Ni kielelezo kimoja tu ambacho jina la spishi limefungwa kwake. Wengine waliotumika katika maelezo huitwa parataipu na ni msaada mkubwa, lakini bishano likitokea anayeulizwa ni holotaipu. Maneno ya kitabu yanaweza kukosea, mchoro unaweza kupotosha, ila mwili upo na mtu wa miaka mia ijayo anaweza kuutazama upya. Nadhani hapa ndipo uzuri wa utaratibu huu ulipo: anayetangaza spishi mpya anamwachia kila mpinzani wake ushahidi wa kumkosoa. Tangu mwaka 2000 kanuni hazilikubali jina jipya la spishi ya mnyama kama mwandishi hakutaja wazi kielelezo kinacholibeba. Kipunji alizua mjadala kwa sababu hiyo hiyo: alielezwa kwanza kwa picha, na mwaka uliofuata tu, baada ya kupatikana mmoja aliyekufa mtegoni shambani, ndipo alipochunguzwa kwa mkono na kuhamishiwa jenasi (kundi la spishi za karibu kiukoo) yake peke yake, Rungwecebus.

Chini ya holotaipu, kwenye pini ile ile, huwekwa lebo ndogo kuliko stempu: nchi, mkoa, mahali, tarehe, nani alimkamata na alimkamataje. Kwa desturi huongezwa nyingine nyekundu, ili asiyejua asije akaichukulia kama kielelezo cha kawaida. Na hapa mdudu wetu wa Keko anatuletea swali zuri. Alikamatwa Dar es Salaam, lakini mninga haukuota Keko. Tuseme gogo lilikatwa Tabora, likapandishwa lori likiwa na buu ndani. Makao ya spishi yaandikwe wapi? Kanuni ina jibu: kielelezo kikiwa kimesafirishwa na binadamu, mahali pake rasmi ni pale safari hiyo isiyo ya asili ilipoanzia. Basi ni Tabora, si Keko. Ukiandika Keko peke yake, utawatuma watafiti wa baadaye wamtafute kwenye miembe ya Temeke.

Jina lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jenasi, inayoanza kwa herufi kubwa. Ya pili ni ya spishi, kwa herufi ndogo. Huandikwa kwa herufi za Kilatini lakini neno linaweza kutoka lugha yoyote, na mimi hufurahi kila ninapoona kipunji limekaa pale bila kubadilishwa hata herufi. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, kwenye toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeeneza utaratibu huu wa majina mawili, na mdudu akipewa majina mawili, la zamani kwa kawaida ndilo linalobaki. Hutokea sana kwa pembe ndefu, kwani dume na jike huweza kutofautiana kiasi cha kuandikwa kama spishi mbili.

Vibali vipo pia, na si vya kurukwa: utafiti hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama, na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, kwa upande wa wanyamapori.

Anayeuliza faida yake na awaulize wakulima wa kahawa. Bungua mweupe wa shina la kahawa, adui wao wa siku nyingi, ni wa familia hii hii. Kwa kuwa ana jina, Monochamus leuconotus, mkulima wa Mbinga na mtafiti wa Afrika Kusini wanajua wanamzungumzia mdudu mmoja, na alichojifunza huyu kinamfaa yule.

Kwa hiyo fundi akikuitia mdudu kwenye kopo, swali la kwanza ni gogo limetoka wapi, na limeletwa na nani. Liandike hapo hapo kwenye karatasi, na karatasi itumbukize ndani ya kopo pamoja na mdudu. Kesho lori litakuwa limerudi Tabora, na dereva ndiye aliyekuwa anajua.