Hakuna Aliyewaandikia Maneno: Kauli ya Mhariri wa Vipindi vya Maisha Halisi

Kila kinapoanza kipindi kipya cha maisha halisi, hakosekani mtu wa kutangaza, kwa sauti ya aliyefichua siri ya serikali, kwamba "hao wote wameandikiwa". Niliyasikia hayo mwaka 2022, Young, Famous & African ilipoingia Netflix na Diamond Platnumz akiwa miongoni mwa washiriki, nikayasikia tena mwaka 2023 The Real Housewives of Nairobi ilipoanza kuonyeshwa Showmax. Wiki hii nimeambiwa hivyo na mtu anayejua vizuri kwamba ninakula kwa kuhariri vipindi vya aina hiyo, na wala hakuniuliza; alinifundisha. Sikushiriki katika kutengeneza hivyo viwili nilivyovitaja, kwa hiyo nitaeleza ufundi wenyewe tu, ili siku nyingine nitume kiungo badala ya kubishana.

Hakuna skripti kwa sababu rahisi: watu wale hawajui kuigiza. Mpe mtu asiye mwigizaji mistari mitatu ya kukariri, kisha umwangalie macho yanavyotafuta maneno darini. Kinachopangwa ni mazingira. Prodyuza huamua nani akae karibu na nani, mezani pawe na vinywaji gani, na habari fulani imfikie mtu fulani saa ngapi. Katika mahojiano ya pembeni, mshiriki huombwa ajibu kwa sentensi kamili iliyobeba swali ndani yake, kwa kuwa sauti ya anayeuliza itaondolewa. Hayo si siri, na sitakaa nayo.

Hadithi huandikwa baadaye, nasi ndio tunaoiandika. Kamera kadhaa zimefanya kazi mchana kutwa, na kipindi ni cha chini ya saa moja. Mbinu inayojulikana zaidi ni kuazima uso: mwanamke aliyefumba macho kwa kuchoshwa na mhudumu aliyechelewesha chakula huwekwa mara tu baada ya mwenzake kutangaza uchumba, na watazamaji wote wanausoma uso huo kuwa ni wa wivu. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha jambo hilo mwanzoni mwa karne iliyopita, alipouunganisha uso uleule wa mwigizaji mmoja na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watu wakasoma hisia tofauti kila mara. Ninyi mnaojiita wajanja mmekaa mkitafuta skripti, huku uso wa kuazimwa ukipita mbele ya macho yenu.

Hata hivyo, uso ni jambo dogo. Ujanja mkubwa umo katika sauti, na hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu hakuna anayesikiliza. Maadamu kamera inaonyesha mdomo wa msemaji, maneno ni yake kwa mpangilio wake. Picha inapohamia kwa msikilizaji, au kwenye glasi, au kwenye jengo lililopigwa kutoka angani, huku sauti ikiendelea, tega sikio, kwa maana hapo sentensi moja yaweza kuwa imeungwa kutoka mazungumzo ya siku mbili tofauti. Kiungo mara nyingi hujisaliti: sauti ya msemaji hushuka anapofika mwisho wa sentensi, kwa hiyo neno lililokatwa katikati na kuwekwa mwishoni hubaki likining'inia, kana kwamba mtu ameitwa kabla hajamaliza. Mngurumo wa friji nao huanza na kukoma bila sababu. Ndiyo maana mtu wa sauti huwanyamazisha watu wote chumbani na kurekodi ukimya wa chumba hicho, nasi tunautandaza chini ya maungio ili sikio lisikwazwe.

Kiswahili, kwa furaha yangu na hasara ya maprodyuza, hakiungiki kirahisi. Mshiriki akiulizwa kuhusu viatu vya mwenzake akajibu "sivipendi hata kidogo", sentensi hiyo imeshafungwa. Hakuna mkasi utakaoigeuza iwe "siwapendi". Akijibu kwa Kiingereza, kiwakilishi kilekile hufaa kwa viatu na kwa binadamu, na kufikia jioni ameshawatukana mawifi zake. Mshiriki wa Nairobi anayechanganya lugha hizo mbili kwa pumzi moja hutuachia mlango wazi bila kujua.

Kuna jambo moja linalonisumbua, nalo silisikii likisemwa kwenye mafunzo ya uhariri. Ugomvi wa saa mbili nikiufanya dakika mbili, kila neno likabaki la kweli na kwa mpangilio wake, bado nimeondoa vimya vilivyoonyesha kwamba watu wale walikuwa wamechoka, si kwamba wanachukiana. Mashabiki wa Big Brother Africa, lile shindano la watu waliofungiwa nyumba moja yenye kamera, waliofuatilia chaneli yake ya saa 24 waliweza kulinganisha yale waliyoyaona mchana na muhtasari wa usiku. Wengi hawana nafasi hiyo. Isitoshe, ifikapo msimu wa pili mshiriki ameshajitazama, na huja akiwa amevaa tabia niliyomshonea katika msimu wa kwanza. Hapo mpaka kati ya kazi yangu na maisha yake hunipotea kabisa.

Mashindano yenye fedha ni suala jingine. Mwaka 1959 Charles Van Doren alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba alipewa majibu katika mchezo wa maswali wa Twenty-One, na mwaka uliofuata sheria ya nchi hiyo ikaifanya hila ya namna hiyo kuwa kosa la jinai. Idris Sultan aliposhinda dola 300,000 za Big Brother mwaka 2014, kura ndizo zilizoamua, si mkasi wa mhariri. Mwenye ushahidi kwamba kura za shindano fulani zilichezewa, auweke mezani, nami nitausoma kwa makini. Asiye nao atafute kwanza yale maungio ya sauti. Yapo mengi, na baadhi ni yangu.