Bodø/Glimt: walivyofungiwa mlango miaka na miaka kabla ya kumpiga Mourinho sita

Wengi wetu huku tumeijua Bodø/Glimt, klabu ya mpira ya Norwei, kupitia mkeka wa kubeti, tusidanganyane. Tarehe 21 Oktoba 2021 Roma ya Italia iliyokuwa chini ya kocha José Mourinho ilienda kucheza Norwei kwenye Conference League, mashindano ya tatu kwa ukubwa ya klabu za Ulaya, watu wakaona hiyo ndo hela ya bure, wakaweka ugenini anashinda, na mechi ikaisha 6-1 kwa hawa jamaa wenye jezi za njano ambao hata jina lao watangazaji walikuwa wanalitamka kila mmoja kivyake. Tangu siku hiyo, mimi ninayefundisha vijana mpira na kuandika mambo ya jinsi klabu zinavyojengwa, swali ninaloulizwa sana ni moja: hela wametoa wapi? Yani watu wanatafuta mwarabu au tajiri wa mafuta aliyejificha nyuma. Hayupo. Ila ukitaka kuelewa inabidi tuanzie mbali kidogo, kwa sababu hii timu kabla ya kuwa ndogo ilikuwa hairuhusiwi hata kucheza.

Bodø ni mji wa watu elfu hamsini na kitu, uko pembeni ya bahari kaskazini kabisa mwa Norwei, ndani ya eneo la Aktiki. Kutoka Oslo unapanda ndege saa moja na nusu hivi. Mwezi wa sita jua halizami, mwezi wa kumi na mbili mchana wenyewe ni mwanga wa masaa machache tu halafu giza. Tarehe 27 Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu huo mji sehemu kubwa ikateketea, kwa hiyo ukiangalia picha za Bodø utaona majengo karibu yote ni ya baada ya vita. Na baada ya vita pakawa na kituo kikubwa cha ndege za kijeshi, ile ndege ya ujasusi ya Wamarekani, U-2, iliyotunguliwa juu ya Urusi mwaka 1960 ilikuwa imetoka Pakistan na ilitakiwa itue hapo hapo Bodø. Hicho kituo kiwekeni akilini, tutakirudia.

Klabu ilianzishwa Septemba 1916 kwa jina la Glimt tu, jina la mji wakaliongeza 1948 kwa sababu kulikuwa na Glimt nyingine huko huko Norwei. Sasa hapa ndo penye ishu. Timu za kaskazini zilikuwa haziruhusiwi kucheza Kombe la Norwei mpaka 1963, na kwenye ligi hazikuruhusiwa kupanda ligi kuu mpaka 1972. Sababu zilizokuwa zinatolewa ni umbali, gharama za safari, na kwamba kiwango chao kiko chini. Fikiria timu ya Kigoma inaambiwa Kombe la FA halikuhusu kwa sababu mko mbali na Dar, halafu hali iendelee hivyo miaka mingi. Kwa hiyo wao wakawa na kombe lao la kaskazini kuanzia 1929, na Glimt walilibeba mara tisa, lakini kule kusini nani alikuwa anajali?

Hata mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa nusu. Bingwa wa kundi la daraja la pili kusini anapanda moja kwa moja, bingwa wa kundi la kaskazini anapelekwa kwanza mechi za mchujo dhidi ya timu za kusini. Glimt wakaongoza kundi lao 1974 wakakwama kwenye mchujo, 1975 wakaongoza tena, wakakwama tena. Sheria ya namna hiyo mimi naiona ni dharau ya wazi, sijui niiteje vingine. Ila mwaka huo huo wa 1975, timu ya daraja la pili, timu ambayo mfumo unasema haijafikia hadhi ya ligi kuu, ilichukua Kombe la Norwei kwa kuifunga Vard ya Haugesund 2-0 kwenye fainali, ikawa ya kwanza kulipeleka kombe hilo kaskazini. 1976 wakapanda hatimaye, na msimu wao wa kwanza kabisa ligi kuu, 1977, wakamaliza nafasi ya pili. Kiwango chao kiko chini, eeh?

Ni miaka hiyo hiyo ulipozaliwa mswaki. Ukiwatazama mashabiki wao utaona wamebeba miswaki mikubwa ya njano, mingine mirefu kama mtu, na wageni huwa wanadhani ni tangazo la dawa ya meno. Kisa chake ni kwamba kiongozi wa ushangiliaji alikuwa anaongoza nyimbo kwa kitu chochote kilichopo mkononi kama wafanyavyo waongoza kwaya, siku moja kitu chenyewe kikawa mswaki wa njano, na hawakuurudisha bafuni tena.

Baada ya hapo ni miaka mingi ya kupanda na kushuka, sitaimaliza yote hapa. Walishuka 1980 wakaporomoka mpaka daraja la tatu. Wakarudi ligi kuu 1993 wakiwa na kocha Trond Sollied na mwaka huo huo wakabeba kombe la pili, wakamaliza tena wa pili kwenye ligi. Halafu wakashuka 2005, wakapanda, wakashuka 2009, wakapanda, wakashuka 2016. Katikati hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, madeni yalikaribia kuiua kabisa klabu, kulipa mishahara ikawa mtihani, na wananchi wa mji wakachanga, wengine wakikusanya chupa tupu za soda na bia ambazo kule ukizirudisha dukani unapewa hela kidogo. Kwa hiyo mkiniuliza hela wametoa wapi, kuna kipindi zilitoka kwenye chupa.

Haya, 2017. Wako daraja la pili, kocha ni Aasmund Bjørkan, msaidizi wake ni Kjetil Knutsen aliyetoka kufundisha Åsane, kitimu kidogo cha Bergen. Mwaka huo klabu ikamleta mtu anaitwa Bjørn Mannsverk, ambaye hakuwa mtu wa mpira kabisa, alikuwa rubani wa ndege za kivita kwenye kile kituo nilichowaambia, ameshafanya kazi Afghanistan na Libya. Kikosi chake cha marubani kilikuwa kimeshajaribu mazoezi ya akili, kutulia, kuzungumza wazi mambo yanayowatisha, na yeye akayahamishia kwenye timu. Mchezaji kama Ulrik Saltnes alikuwa anaumwa tumbo kwa presha ya mechi mpaka akawa karibu kuacha mpira, jamaa akaja kuwa kapteni.

Kitu ambacho mimi kama mwalimu nimekipenda zaidi ni mduara. Glimt wakifungwa bao, kabla ya kuanza upya wachezaji wanakusanyika katikati, wanashikana mabega, wanaongea sekunde chache, wanatawanyika. Hakuna anayemnyooshea kidole beki, hakuna kuangalia chini. Wanaulizana tu nini kimetokea na tunaendeleaje. Timu nyingi ninazozijua mimi bao likiingia ndo kwanza ugomvi unaanza kati ya kipa na mabeki, na bao la pili linakuja kwa sababu ya ule ugomvi. Pia ndani ya klabu hawaweki lengo la kushinda ubingwa wala nafasi fulani, wanaongelea namna wanavyocheza basi. Najua inasikika kama maneno ya semina, na mimi nilikuwa nayadharau mambo haya ya saikolojia, ila endeleeni kusoma.

Wakapanda mwisho wa 2017, na 2018 Knutsen akawa kocha mkuu, msimu ule wakamaliza wa 11 na hakutimuliwa. 2019 wakawa wa pili. 2020 wakachukua ubingwa wa kwanza katika historia ya timu yoyote ya kaskazini: mechi 30, wameshinda 26, wamepoteza moja, pointi 81, mabao 103, Molde wa pili yuko pointi 19 nyuma. Mfumo ni 4-3-3, presha juu muda wote, mawinga wanakimbia kama wamekopa, kwenye nyasi bandia za Aspmyra, uwanja wa watu kama elfu nane tu. Ubingwa ukaja tena 2021, 2023 na 2024.

Ile mechi ya Roma basi. Ni kweli Mourinho alipumzisha wengi, na watu hupenda kuishia hapo. Mapumziko ilikuwa 2-1 tu. Kipindi cha pili Roma wakaingiza wakubwa kutoka benchi na bado wakafungwa mengine manne, Erik Botheim na Ola Solbakken mawili mawili kwenye jumla, Patrick Berg na Amahl Pellegrino moja moja. Mourinho hajawahi kufungwa sita kabla ya hapo. Huyo Patrick Berg ni wa ukoo, babu yake Harald ndo nyota wa 1975, baba yake Ørjan naye kachezea hapo hapo.

Hela sa hivi zinatokana na kuuza na kufika mbali Ulaya. Jens Petter Hauge aliwafunga Milan wakati Glimt wanatolewa 3-2 mwaka 2020 na Milan wakamnunua muda huo huo. Victor Boniface wa Nigeria, yule aliyekuja kuwa bingwa wa Ujerumani na Leverkusen, Ulaya alianzia Bodø. Faris Moumbagna wa Cameroon alitoka hapo kwenda Marseille. Na wengine wakienda nje mambo yakagoma, wanarudi, Hauge karudi, Berg alienda Lens nusu msimu akarudi, Fredrik Bjørkan karudi kutoka Berlin, na wanaingia kwenye mfumo ule ule wanaoujua hivyo hakuna kuanza upya.

2025 wakawatoa Lazio kwa matuta pale pale Roma na kuingia nusu fainali ya Europa League, mashindano ya pili kwa ukubwa ya klabu za Ulaya, hakuna timu ya wanaume ya Norwei iliyowahi kufika nusu fainali Ulaya, wakatolewa na Tottenham. Kiangazi wakawapiga Sturm Graz 5-0 na kufuzu hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Safari zote hizo zina gharama yake, ubingwa wa nyumbani 2025 ukaenda Viking kwa tofauti ya pointi moja. Ligi ya Norwei inaisha Novemba, kwa hiyo Manchester City walipokuja Aspmyra tarehe 20 Januari 2026 Glimt walikuwa hawajacheza mechi ya mashindano zaidi ya mwezi mzima. Kasper Høgh akafunga mawili ndani ya dakika chache kipindi cha kwanza, Hauge akaweka la tatu, Rodri akala nyekundu, ikaisha 3-1. Wiki iliyofuata wakaenda Madrid wakawafunga Atlético 2-1 kwao.