Mradi wa huduma kwa jamii si safari ya kugawa unga

Muhula mpya umeanza na simu zile zile kwetu tunaosimamia mradi wa huduma kwa jamii chuoni. Mzazi anauliza kwa nini mwanawe anazoa taka Mathare ilhali karo imelipwa. Kituo kinalalamika kuwa wanafunzi wamefika kikundi kizima bila barua. Mwanafunzi naye amekataliwa saa zake za kazi na hajui kwa nini. Tunaamini kila mmoja ana nia njema, ila nia njema haina muhuri.

Kwa wazazi: mwanafunzi wenu hajahukumiwa. Kifungo cha nje hutolewa na mahakama chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, na hakihusiani na chuo. Mradi huu ni sehemu ya kozi. Mwanafunzi wa uhasibu hupanga hesabu za chama cha akina mama Mukuru, wa kompyuta huingiza orodha ya dawa za zahanati kwenye mfumo, kisha kila mmoja huandika ripoti ya kueleza mambo ya darasani yalikwama wapi. Asiyeandika hapati alama, hata akibeba mchanga mwezi mzima.

Makao ya watoto ndiyo yanayotuletea shida kubwa. Kikundi kinachanga pesa, kinanunua unga na sukari, kinapiga picha na watoto, kinaondoka baada ya chakula cha mchana. Hiyo ni ziara, na hatuhesabu hata saa moja. Serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Kumiminika kwa wageni wenye zawadi hakusaidii hilo. Kituo kinachokufungulia lango bila kukuuliza hata kitambulisho, kiogope.

Anayetaka kweli kufanya kazi na watoto aanzie kwa Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo, akiwa na cheti cha tabia njema. Cheti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa Sh1,050. Chapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja, chapisha na ankara, kisha nenda Huduma Centre au makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai (DCI), Kiambu Road, na kitambulisho chako halisi ili uchukuliwe alama za vidole. Cheti hakitoki siku hiyo, kwa hiyo omba kabla muhula haujaanza. Risiti ya malipo si cheti. Tumelisema hili mara nyingi na bado risiti zinaletwa.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Ruhusa ya mwalimu mkuu haichukui nafasi ya ruhusa ya mzazi. Kumfunika mtoto macho kwa mstari mweusi hakumfichi ikiwa sare na jina la shule vinaonekana. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Adhabu ya jumla katika sheria hiyo ni faini isiyozidi Sh3 milioni, kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili.

Usafi wa kingo za mito unapendwa kwa sababu unaonekana rahisi. Anza kwa chifu, kisha wazee wa mtaa, kisha vijana wanaozoa taka eneo hilo. Hawa wa mwisho husahaulika, na ndio wanaoishi kwa zile chupa unazotaka kuziondoa. Kubalianeni mapema zitakwenda kwa nani. Vaeni gambuti na glavu nene za ngozi, si zile nyembamba za zahanati. Tumieni reki na koleo. Asiwepo wa kutumbukiza mkono kwenye rundo wala kushindilia gunia kwa mguu, kwa maana sindano zimo. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue wala kulifyonza, aende hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Aulize pia kuhusu homa ya ini aina ya B na pepopunda.

Bebeni magunia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, na faini ni kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tafuteni pia gari la kubeba taka kabla ya siku yenyewe. Rundo lililoachwa kando ya daraja Jumamosi, mvua ya Jumapili hulirudisha mtoni. Mkiongeza matembezi yenye mabango, mkuu wa kituo cha polisi (OCS) apewe taarifa ya maandishi siku tatu hadi kumi na nne kabla.

Kuhusu miti: Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Miche ya siku hiyo itahitaji kumwagiliwa hadi Oktoba. Andikeni ni nani atakayemwagilia, la sivyo pandeni Aprili.

Fomu ya saa hujazwa na kutiwa sahihi siku ya kazi. Tukiona siku kumi na mbili kwa wino mmoja na mwandiko usiotetereka, au jumla ya saa nane za kazi katika zahanati inayofungwa saa saba mchana, tunampigia msimamizi simu mwanafunzi akiwa ameketi hapo hapo. Muda wa safari kutoka Rongai hauhesabiwi, foleni iwe ya namna gani. Kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Anayepinga uamuzi alete fomu halisi na nambari ya simu ya msimamizi. Picha ya fomu kwenye WhatsApp haipokelewi.