Ulimwengu unatanuka, Dunia je?

Kila ikielezwa kwamba ulimwengu unatanuka, swali ni lilelile: kwa hiyo Dunia nayo itaachana na Jua? La. Ulimwengu hutanuka kwa takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, yaani umbali wa miaka nuru milioni 3.26. Hayo hutokea katika nafasi tupu baina ya makundi ya galaksi. Ndani ya kundi, na zaidi ndani ya familia ya Jua, nguvu ya uvutano imeshika kila kitu mahali pake.

Hapa Mwezi huwapotosha wengi. Ukiipigia hesabu kasi hiyo kwa kilomita 384,400 za kutoka hapa hadi mwezini, unapata kama sentimita 2.7 kwa mwaka. Na kweli Mwezi unatutoka, sentimita 3.8 kwa mwaka. Tunazipima kwa leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo 11, 14 na 15. Namba zinakaribiana kwa bahati tu. Kinachousogeza Mwezi ni kujaa na kupwa kwa maji: Dunia hujizungusha upesi kuliko Mwezi unavyoizunguka, hivyo maji yaliyovimba hutangulia mbele kidogo ya Mwezi na kuuvuta, nao hupanda kwenye njia pana zaidi. Dunia nayo hupungua kasi, na siku hurefuka kidogo mno. Bamvua inayofika ukutani Lamu au Tanga inatokana na uvutano huohuo.

Cha kuhofia, kama ni lazima kuhofia, ni Jua lenyewe. Mng'ao wake huongezeka kama asilimia 10 kwa kila miaka bilioni 1. Joto hupandisha mvuke, mvuke hunasa joto zaidi, na bahari huenda zikakauka katika miaka bilioni 1 hivi ijayo, mapema sana kabla Jua halijavimba kuwa jitu jekundu, yaani nyota nyekundu kubwa mno, miaka bilioni 5 kutoka sasa.

Kutanuka kutabadilisha anga. Vipimo vya 1998 vya supanova, yaani nyota zinazolipuka, vilionyesha kwamba kasi yake inaongezeka, na baada ya miaka bilioni 100 au zaidi galaksi zilizo nje ya kundi letu zitakuwa zimefifia zisionekane.

Galaksi ya Andromeda, jirani yetu, haimo katika hizo. Iko umbali wa miaka nuru milioni 2.5 na inatujia kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde. Ukiwa Dar es Salaam katikati ya Novemba, toka nje ya taa za mji kama saa 3:30 usiku, mwezi usiwepo, utazame kaskazini, karibu nusu ya kimo kutoka upeo hadi utosini: ni kile kiwingu kidogo cheupe.