Kupatana Bei: Maana Yake katika Biashara ya Vitu Vilivyotumika

Kitenzi "kupatana" kimetokana na "kupata", kwa kuongezewa kiambishi "-ana" kinachoonyesha kwamba wahusika wanatendeana jambo. Ndugu waliogombana hupatana, nchi zilizopigana hutia saini mapatano, na watu wawili waliosimama mbele ya fungu la mitumba katika masoko ya Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi au Kongowea mjini Mombasa hupatana bei. Kinyume chake ni kulaliana. Mtu anaposema "amenilalia", hamaanishi kwamba alishindwa katika mazungumzo ya haki. Anamaanisha kwamba mwenzake aliutumia ujinga wake au shida yake ili apate zaidi ya anachostahili, na hilo linaweza kufanywa na muuzaji au na mnunuzi.

Bei ya mtumba haina budi kuzungumzwa, na sababu yake imo ndani ya balo lenyewe. Mfanyabiashara hununua balo likiwa limefungwa, na akishalikata kamba ndipo hukuta mashati mazuri machache, mengi ya kawaida, na mengine yenye madoa yasiyotoka au zipu zilizokufa. Lile shati zuri linabeba gharama ya yale yatakayoishia kumwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo mnunuzi anayegawa bei ya balo kwa idadi ya nguo, kisha akadai kwamba anaibiwa, amepiga hesabu isiyo ya biashara hiyo.

Uungwana wa kupatana una kanuni nyingi ndogo, lakini iliyo nzito kuliko zote ni kwamba bei uliyoitamka ni ahadi. Chukulia koti lililotajwa kwa shilingi 25,000 za Tanzania. Mnunuzi anasema 10,000, muuzaji anashuka hadi 18,000, mnunuzi anapanda hadi 15,000, na muuzaji, baada ya kulikung'uta koti na kulitazama kama mtu anayeagana nalo, anasema, "Haya lete, kaka, unifungulie biashara." Hapo mazungumzo yamekwisha. Mnunuzi anayejibu, "Ngoja nizunguke kwanza, nitarudi," amevunja mapatano, na ndiyo maana atasindikizwa kwa maneno makali ambayo kwa kweli ameyatafuta mwenyewe. Anayetaka kuzunguka na azunguke kabla ya kutaja kiasi. Muuzaji naye amefungwa vivyo hivyo: akishakubali 15,000, hawezi kuligeuzia koti mteja wa pili anayenyanyua 20,000 kutoka nyuma. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamelea biashara ya pwani kwa karne nyingi, kuingilia mauziano ya mwenzako kumekatazwa waziwazi.

Kuiponda bidhaa ili ishuke bei ni tabia iliyozoeleka, ingawa mimi huiona ya ajabu kidogo, kwa sababu kama koti ni tambara kweli, haieleweki kwa nini limebanwa kwapani namna ile. Kuonyesha kasoro ni jambo jingine, nalo ni haki: kifungo kilichokatika kinapunguza thamani, na muuzaji mwelewa hukiri.

Suala la kasoro hubadilika pale mtu anapouza vyombo vya nyumbani kwake kwa sababu anahama. Muuza mitumba hajawahi kulivaa lile koti, kwa hiyo wajibu wa kukagua kola, kwapa na mishono uko zaidi kwa mnunuzi. Mwenye friji, kwa upande wake, ameishi nalo. Anajua kama linagandisha au linanguruma tu, na kunyamaza kwake ni udanganyifu hata kama hakusema uongo wowote. Mnunuzi naye akishajua kwamba mwenye nyumba anasafiri keshokutwa, ana nafasi ya kupata nafuu, lakini kumtajia robo ya bei kwa kuwa hana pa kwenda ni kumlalia.

Pesa ikishatoka mkononi, bei haifufuliwi tena. Kinachobaki kuombwa ni basela, yaani kile kidogo cha kuongezea, mathalani jozi ya soksi juu ya koti. Muuzaji akiitoa, mnunuzi hushukuru, na akikataa, hapajatokea ugomvi wowote, kwa sababu haikuwamo katika yale waliyopatana.