Mnyonyeshe Anapotaka: Saa Anayo Mtoto

Swali ninaloulizwa zaidi na akina mama waliojifungua ni hili: "Nimnyonyeshe kila baada ya saa ngapi?" Nami kama mkunga hujibu kwamba saa anayo mtoto. Akitaka, mpe. Akishiba ataachia mwenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na pengine ataomba tena kabla mama hajafunga vifungo vya blauzi. Hiyo si dalili ya maziwa haba. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa upesi.

Wengi huogopa kwamba wakifanya hivyo watamdekeza. Mtoto wa wiki mbili hana hila. Anageuza kichwa, anapanua mdomo, analamba midomo, anatia kidole kinywani. Asipojibiwa ndipo analia. Kilio ni neno lake la mwisho, na anayesubiri hadi kilio hupewa mtoto aliyekasirika, asiyeweza kushika titi vizuri.

Mwili wa mama nao umeumbwa kwa ajili ya kujibu. Mtoto anapovuta, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Oksitosini hiyohiyo humtuliza mama na kumvuta kwa mwanawe. Wapo ambao maziwa huwachuruzika kwa kusikia tu mtoto akilia. Prolaktini hupanda zaidi usiku, ndiyo maana siwashauri kuruka zamu za usiku. Na titi lililoachwa limejaa kwa muda mrefu hupunguza kutengeneza maziwa. Anayempangia mtoto ratiba ngumu huenda akapungukiwa kweli, kisha akadhani tatizo ni mwili wake.

Hapa ndipo imani yangu ya Kikatoliki inapokutana na kazi yangu. Tarehe 12 Mei 1995, Papa Yohane Paulo II alizungumza na wanasayansi waliokutana kujadili unyonyeshaji. Aliwaambia kwamba kunyonyesha hujenga kifungo cha upendo na usalama kati ya mama na mtoto, na kwamba humwezesha mtoto kudhihirisha uwepo wake kama nafsi kupitia uhusiano na mama yake. Nimelitafakari sana jambo hili. Mtoto hawezi kusema wala kutembea, lakini anaweza kuomba, na mtu mzima akaacha shughuli zake kwa sababu yeye ameomba. Hapo anatendewa kama mtu, mwenye hadhi aliyopewa na Mungu. Mzaburi anamwambia Mungu katika Zaburi ya 22 kwamba alimtumainisha tangu akiwa matitini mwa mama yake. Ninaamini hivyo kwa moyo wote: kumtumaini Mungu tusiyemwona huanza kuandaliwa kwa kumtumaini mama anayekuja tunapoita.

Akina baba nao wamo. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Elkana anapanda kwenda kutoa sadaka ya mwaka, na Hana anabaki nyumbani hadi Samweli atakapoachishwa ziwa. Mumewe hamlaumu, anamwambia afanye aonavyo vema. Mama anayenyonyesha kutwa anahitaji mume wa namna hiyo, atakayepika, atakayefua, na atakayewazuia wageni wenye kauli za kuvunja moyo.

Lakini kumfuata mtoto hakumaanishi kumwacha alale tu. Kichanga mwenye usingizi mzito, hasa siku za kwanza au akiwa na manjano (ngozi na macho kugeuka rangi ya njano), aamshwe anyonye. Kuanzia siku ya tano hivi tunatarajia akojoe mara 6 au zaidi kwa siku. Ikipungua, apelekwe kituo cha afya. Maumivu makali ya chuchu pia si ya kuvumiliwa kama msalaba: mara nyingi mtoto hajashika titi vizuri, na hilo hurekebishika.

Wewe ambaye hukuweza kunyonyesha, usijihukumu. Mpakate kifuani, mtazame, mlishe anapoonyesha njaa. Naye anajifunza kwamba anasikika.

Mwisho, suala la kanisani, maana naona akina mama wakikimbilia nje na watoto wao kwa aibu. Katika katakombe ya Priscilla, makaburi ya kale ya chini ya ardhi huko Roma, Wakristo wa karne za kwanza walichora mama akiwa na mtoto kifuani, na wengi humtambua kuwa ni Bikira Maria. Januari 2014, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa bila wasiwasi. Basi mtoto akianza kutafuta titi katikati ya Misa, baki hapo ulipoketi, mnyonyeshe.